Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Majumba ya Sanaa ya Mikoani: Mlipeni Anayezijaza Kuta Zenu

Kwa Wakurugenzi, Wasimamizi wa Maonyesho na Wajumbe wa Bodi,
Majumba ya Sanaa ya Mikoani.

YAH: MALIPO, MIKATABA NA HESHIMA YA WASANII MNAOWAONYESHA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mchoraji. Kazi zangu zimetundikwa katika majumba kama yenu, si yale makubwa ya miji mikuu, na mengi ninayoyajua kuhusu sanaa ya kisasa nimeyapata nikiwa nimesimama mbele ya kuta zenu, nikitazama kazi ambazo nisingeziona kwingineko. Nayapenda majumba haya. Ndiyo maana naandika.

Sikukimbilia hadharani. Nilianza kwa mazungumzo ofisini, nikafuatisha barua. Mkurugenzi wa jumba moja alinisikiliza kwa upole, akaahidi kulifikisha jambo kwenye bodi. Bodi haikujibu. Nilipouliza tena niliambiwa bajeti ya mwaka imeshafungwa, na mwaka uliofuata nikaambiwa vilevile. Wenzangu wachoraji, wachongaji na watengenezaji wa video wana masimulizi yanayofanana na langu, kutoka majumba tofauti, na wengi wao wamenyamaza kwa kuogopa kutoalikwa tena. Hofu hiyo ninayo pia. Lakini jambo linalowagusa wengi, likikosa pa kusikilizwa ndani, hupelekwa barazani.

Hoja yangu ni moja. Katika maonyesho yenu, mtu pekee asiyelipwa ni msanii, na bila yeye hakuna maonyesho. Mengine ninayoyaeleza hapa chini yanachipuka kutoka hapo.

1. Ujira wa kuonyesha kazi

Chukueni maonyesho yoyote ya kawaida. Mlinzi wa ukumbi analipwa. Fundi wa taa analipwa, na aliyepaka kuta rangi nyeupe analipwa. Mchapishaji wa katalogi ana ankara yake, mpiga picha wa siku ya ufunguzi ana yake, mwenye viti na maturubai ana yake. Msimamizi wa maonyesho ana mshahara wa mwezi. Msanii, kwa upande wake, amefanya kazi mwaka mzima au zaidi; amenunua rangi, kanvasi na fremu kwa fedha zake; amekodi gari la kuleta kazi; ameshinda ukumbini siku za kupanga; kisha amezungumza na wanafunzi walioletwa kwa basi. Anaondoka na cheti cha shukrani na nakala mbili za katalogi.

Najua majibu yenu, maana nimeshayasikia. La kwanza ni kwamba jumba linamtangaza msanii. Sikatai, kuonekana kuna thamani. Ila kutangazwa hakulipi kodi ya karakana, na isitoshe kunafaidisha pande zote mbili. Jumba linapata wageni wa kuhesabiwa, picha za kuweka kwenye taarifa ya mwaka na habari za kuwaeleza wafadhili. Faida hiyo inawasaidia kuomba ruzuku ya mwaka ujao. Faida ya msanii inabaki kuwa matumaini.

La pili ni kwamba msanii atauza. Hapa nawaomba mtazame kazi mnazozialika ninyi wenyewe. Video inayorushwa kwenye kuta tatu za chumba chenye giza. Nyuzi zilizofumwa zikajaza ukumbi mzima. Mchoro uliochorwa moja kwa moja ukutani, unaopakwa rangi nyeupe siku maonyesho yanapofungwa. Nani anazinunua hizi? Kazi za namna hii zinatengenezwa ili watu waingie, wakae nazo na watoke wakiwa na jambo la kufikiria. Na hata kwa picha inayouzika, jumba la umma si duka. Wageni wenu wanakuja kutazama, na huko kutazama ndiko kunakostahili kulipiwa. Mauzo yakitokea ni neema. Hayawezi kuwa mshahara.

La tatu ni kwamba hakuna mahali duniani jambo hili linafanyika. Linafanyika, na lilianzia kwa mtu wa mkoani. Jack Chambers alikuwa mchoraji wa London, mji ulioko Ontario nchini Canada, mbali na kelele za Toronto na Ottawa. Katika mwaka wa 1967 Jumba la Taifa la Sanaa lilitaka kutoa nakala za kazi za wasanii, yake ikiwamo, bila malipo. Alikataa, akawaandikia wenzake, na mwaka 1968 wakaunda chama cha wasanii kinachojulikana hadi leo kama CARFAC. Katika miaka ya 1970 malipo ya kuonyesha yakawa sharti la ruzuku ya sanaa huko. Mwaka 1988 sheria ya hakimiliki ya Canada ikarekebishwa: kazi iliyotengenezwa baada ya tarehe 7 Juni mwaka huo ikionyeshwa hadharani kwa lengo lisilo la kuuza wala kukodisha, idhini ni ya msanii, na idhini ina bei. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakubali kwamba vyama vya wasanii vinaweza kujadiliana na Jumba la Taifa juu ya viwango vya chini vya malipo kwa kazi ambazo tayari zipo. Kutoka kwa mchoraji mmoja aliyesema hapana hadi hukumu hiyo ni karibu nusu karne. Sidhani kama sisi wengine tunalazimika kungoja muda huo wote, ilhali njia imeshachongwa.

Si Canada peke yake. Sweden ina makubaliano ya kitaifa ya ujira wa maonyesho tangu mwaka 2009, nayo yanazifunga taasisi za serikali. New York, kundi liitwalo W.A.G.E. lilianza mwaka 2008 kudai malipo kutoka taasisi zisizo za kibiashara, na baadaye likaanzisha utaratibu wa kuzipa hati zile zinazolipa kwa viwango vinavyojulikana. Uingereza, kampeni ya chama cha wasanii kiitwacho a-n ya mwaka 2014 iliwauliza wasanii walioonyesha katika maonyesho yanayogharimiwa na fedha za umma: asilimia 71 hawakupata ujira wowote, na asilimia 63 walikuwa wamewahi kukataa mwaliko kwa sababu hawakuweza kumudu kufanya kazi bure.

Takwimu hii ya pili ndiyo inayoninyima usingizi kuliko ya kwanza. Waliokataa hatukuwaona. Ukumbi usiolipa unachagua watu kabla msimamizi wa maonyesho hajachagua: unawabakiza wenye akiba, wenye kazi nyingine ya mshahara, wenye wazazi au wenzi wa kuwabeba. Mama anayelea watoto peke yake, kijana aliyemaliza chuo juzi, mchongaji mzee asiye na pensheni, hao wanaondolewa kimya kimya na hakuna anayeandika kwamba waliondolewa. Halafu tunakaa kwenye semina tukijiuliza kwa nini sanaa inayoonyeshwa inafanana.

La nne ni bajeti. Hapa nawaamini. Najua ruzuku imepungua, najua paa linavuja na mhasibu wenu anafanya kazi ya watu watatu. Lakini kama fedha inatosha maonyesho manne yenye ujira, kwa nini mwaka wenu una manane? Punguzeni. Ongezeni muda wa kila maonyesho, wageni wengi zaidi watayafikia. Na muiweke fedha ya msanii kwenye bajeti kabla ya fedha ya kadi za mwaliko, si baada ya kila mtu kuchukua chake. Ujira mdogo unaojulikana mapema nitaupokea kwa moyo mmoja. Usiokuwapo kabisa sitaupokea tena.

2. Mkataba, bima na safari ya kurudi

Kazi yangu moja ya karatasi ilirudi kutoka kwenye jumba ambalo sitalitaja ikiwa na mkunjo kwenye kona na alama ya unyevu chini. Nilipouliza, niliambiwa huenda ilifika hivyo. Hapakuwa na fomu ya hali ya kazi ilipopokelewa, hapakuwa na picha, hapakuwa na saini. Neno langu dhidi ya neno la ofisi.

Yote haya yanazuiwa na karatasi mbili: mkataba, na fomu ya hali ya kazi inayojazwa kasha linapofunguliwa na tena linapofungwa. Mnazijua. Mnapoazima kazi kutoka jumba la taifa mnazijaza, kwa sababu hamtaletewa kazi msipozijaza. Wanapima unyevu wa hewa ya ukumbi wenu, wanauliza taa zenu zina lux ngapi (kipimo cha mwanga), wanasisitiza kazi ya karatasi na kitambaa isizidi lux 50, maana rangi iliyofifishwa na mwanga hairudi. Naomba uangalifu huohuo kwa mchoraji anayeleta kazi mwenyewe kwa gari la kukodi. Karatasi yake haifi polepole zaidi kwa kuwa ametoka karibu.

Bima nayo iwe ya njia nzima: tangu kazi inapoteremshwa msumarini karakanani kwa msanii hadi inaporudi palepale. Ajali za uhifadhi hazichagui wanyonge. Mwezi Mei 2004 ghala la kampuni ya Momart jijini London, Uingereza, liliteketea kwa moto likiwa na kazi za wasanii maarufu waliodhani ziko mahali salama kuliko pote. Msanii wa mkoani akipoteza kazi za miaka mitatu kwenye stoo yenu hana jumba lingine la kumfidia.

Na mkataba useme pia mambo madogo ambayo ndiyo huleta ugomvi: nani analipa usafiri wa kurudisha, kazi irudishwe ndani ya muda gani, picha zake zitumike wapi na kwa muda gani, na jumba likifuta maonyesho dakika za mwisho msanii analipwa nini kwa kazi aliyokwisha fanya. Hili la kufuta maonyesho linatokea mara nyingi kuliko mnavyokiri.

3. Jina na maelezo

Kifungu cha 6bis cha Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kilichoingizwa mwaka 1928, kinampa mtunzi haki ya kutambulishwa kwa kazi yake na kupinga isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizo anabaki nazo hata akiwa ameiuza kazi. Michael Snow aliitumia haki ya aina hii mwaka 1982 huko Toronto: jengo la maduka lilikuwa limewavisha riboni za Krismasi bata bukini wa sanamu yake, akaenda mahakamani, riboni zikavuliwa.

Kwenu sijaona riboni. Nimeona picha za maonyesho kwenye mabango ya mji bila jina la aliyeichora kazi inayoonekana, jina la mfadhili likiwa kubwa chini yake. Nimeona video ikikatwa dakika zake za mwisho ili ilingane na ratiba ya ukumbi. Nimeona pia kibao cha maelezo chenye aya tatu juu ya falsafa ya msimamizi wa maonyesho na mstari mmoja juu ya msanii. Kabla maelezo hayajachapishwa, mpeni aliyeitengeneza kazi ayasome. Ni suala la nusu saa.

4. Nani anapewa ukumbi mkubwa

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Katika majumba mengi ya mikoani mcheza kwao hupewa korido. Ukumbi mkubwa unawekewa maonyesho ya kuzunguka yanayotoka mji mkuu, ambayo yana ada ya kukodi, na ada hiyo mnailipa. Wasanii wa eneo lenu wanakusanywa pamoja mara moja kwa mwaka, kazi moja moja kila mtu, ubavu kwa ubavu kuanzia mlangoni hadi chooni. Sisemi mfunge milango kwa wageni. Kazi ya kutoka mbali imenifundisha mengi na nataka iendelee kuja. Nasema kipimo kiwe kimoja.

Anayedhani kwamba sanaa yenye uzito haiwezi kukaa mikoani amtazame Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza, na kwa miaka mingi ameishi na kufundisha Preston, si London. Mwaka 2017 alitajwa kuwania Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya kisasa huko Uingereza, na kilichomfikisha hapo ni maonyesho ya Oxford, Bristol na Nottingham, majumba ya nje ya mji mkuu yaliyompa nafasi ya kuonyesha kwa ukamilifu kazi alizozifanya kwa miongo kadhaa. Tuzo yenyewe mwaka huo ilifanyika katika jumba la Ferens mjini Hull. Akashinda, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Miongoni mwa kazi zilizoonyeshwa Bristol ilikuwamo Naming the Money ya mwaka 2004: sanamu bapa 100 zenye kimo cha binadamu, za Waafrika waliofanywa watumwa katika majumba ya Ulaya, kila mmoja akiwa na jina lake halisi na jina alilobandikwa na bwana wake. Kazi kama hiyo inahitaji ukumbi mkubwa ili mtazamaji atembee katikati ya hao watu. Ingewekwa koridoni ingekuwa mrundikano wa mbao.

El Anatsui alifundisha na kufanya kazi Nsukka, mji wa chuo kikuu nchini Nigeria, kwa miongo kadhaa. Vifuniko vya chupa alivyoviunganisha huko kwa waya wa shaba vikawa mapazia makubwa yanayotundikwa duniani kote, na mwaka 2015 maonyesho makubwa ya kimataifa ya Venice, Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Kassel, mji wa Ujerumani uliobomolewa na vita, ulianzisha documenta, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa, mwaka 1955 kwa juhudi za mwenyeji wake, Arnold Bode, ndani ya jengo lililokuwa bado na makovu ya mabomu. Hakuna aliyemwambia akaifanyie Berlin.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Tamale, kaskazini mwa Ghana. Ibrahim Mahama, mwenyeji wa huko anayejulikana kwa kufunika majengo kwa magunia ya juti yaliyoshonwa pamoja, alijenga kituo cha sanaa cha SCCA kilichofunguliwa mwaka 2019. Angeweza kukizindua kwa kazi zake mwenyewe, dunia ingekuja. Maonyesho ya kwanza yalikuwa ya mzee Galle Winston Kofi Dawson, mchoraji aliyefanya kazi kwa miongo mingi bila kupewa nafasi inayolingana na uzito wake. Msanii kijana anajenga ukumbi kwa fedha alizopata kwenye sanaa, halafu anampisha mzee wake. Nawauliza kwa unyenyekevu: katika mkoa wenu, mzee wa namna hiyo ni nani, na kazi zake ziko wapi hivi sasa?

Kuna pia ada ya maombi. Baadhi yenu mmeanza kuwatoza wasanii fedha ili maombi yao yasomwe tu. Wanaokataliwa wanakuwa wamewagharimia wanaokubaliwa, na jumba linakuwa limeingiza kipato kutoka kwa watu ambao halitawaonyesha kamwe. Iondoeni.

Ninachoomba

Nisieleweke kwamba nataka yote kesho asubuhi. Viwango vya ujira vinahitaji mazungumzo, na vyama vya wasanii vipo tayari kuketi nanyi. Maonyesho ya mtu mmoja hayawezi kulipwa sawa na kazi moja ndani ya maonyesho ya watu ishirini, na mazungumzo ya jukwaani, warsha au kazi mpya iliyoagizwa na jumba vina malipo yao mbali na ujira wa kuonyesha. Lakini yapo yasiyohitaji kikao hata kimoja. Mkataba wa maandishi kabla kazi haijatoka karakanani. Fomu ya hali ya kazi yenye saini mbili. Jina la msanii popote picha ya kazi yake inapotumika. Ada ya maombi kufutwa. Haya manne yawezekana kuanzia maonyesho yenu yajayo, na gharama yake ni karatasi na nia.

Kuhusu ujira, naomba kila bodi iweke fungu lake katika bajeti ijayo, itangaze kiwango chake hadharani hata kikiwa kidogo, na katika taarifa ya mwaka ioneshe jumla ya fedha iliyowafikia wasanii kando ya jumla ya matumizi ya maonyesho. Wafadhili na mabaraza yanayotoa ruzuku nawaomba waiulize namba hiyo kabla ya kusaini hundi.

Kwangu mimi, kuanzia sasa sitapeleka kazi katika jumba lisilotoa mkataba na ujira, na nimewaomba wenzangu wanaoweza kukataa wakatae pamoja nami, kwa ajili ya wale wasioweza. Jumba lolote lililo tayari kuzungumza litanikuta tayari, na wa kwanza kutangaza kiwango chake nitamsifu hadharani kwa sauti hii hii.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu katika sanaa,

Mchoraji

Nakala:
Mabaraza ya sanaa na wafadhili wanaotoa ruzuku za maonyesho
Vyama vya wasanii wa sanaa za ufundi